Kisigino cha Kulia cha Mwinshehe

Nyuma ya nyumba ya Mwinshehe, kwenye kitongoji kimoja juu ya Mlali, barabara inapoanza kupanda kwenda Mgeta, kuna rundo la katambuga za mguu wa kushoto. Za kushoto tupu. Mgeni akiziona hudhani mwenye nyumba amekatwa mguu, au ana mkosi wa kuibiwa na mwizi mwenye mguu mmoja. Mke wake, Mosi, ameshachoka kueleza. Kadhaa amezikata akatengenezea bawaba za mlango wa banda la kuku, moja ameiweka chini ya mguu mbovu wa meza, nyingine wajukuu wamezifanya magari. Zilizobaki zinangoja kazi, na hazina haraka, maana raba ya tairi haiozi.

Za kulia ziliishia barabarani. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Mwinshehe alikuwa akishusha ndizi na kabichi kwa baiskeli kutoka milimani mpaka sokoni Mlali, na soko likiwa baya, mpaka mjini Morogoro. Baiskeli ilikuwa na breki zake za mkono, sikatai. Lakini mtu akishafunga mikungu ya ndizi kwenye keria mpaka yeye mwenyewe haonekani kwa nyuma, zile raba ndogo za breki huanza kunuka kabla hajamaliza kona za juu. Breki ya kweli ilikuwa mguu. Mguu wa kushoto aliuacha kwenye pedeli, wa kulia akaunyoosha nje, kisigino akakiburuza chini, na katambuga ikalia kwaruuu mpaka bondeni. Wanawake waliokuwa wakilima kwenye mashamba ya chini walimsikia kabla hawajamwona. Walisema, "Breki huyo anashuka," na jina likamganda mpaka leo.

Neno lenyewe lilikuja na magari, lakini watu wa huku hawakuliacha garini. Mlevi akitoka kilabuni akapitiliza nyumba yake, breki zimekatika. Mtu akirudi safari, breki ya kwanza kwa mama yake, isipokuwa awe Maneno, kijana wa bodaboda, ambaye breki yake ya kwanza huwa kwenye chipsi. Bei ya nyanya ikishuka ovyo, haina breki. Na Mosi, mke wa Mwinshehe, mdomo wake hauna breki hata ya dawa, na yeye ndiye wa kwanza kulisema hilo, kisha anaendelea kuzungumza.

Mwinshehe mwenyewe aliheshimiwa kuwa breki ya ukoo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli. Sasa ukimpata mjomba ambaye kazi yake maisha yote ni kuzuia mzigo usimshinde kwenye mteremko, ujue umepata mtu. Wapwa walipotaka kukatana mapanga kwa ajili ya kipande cha shamba la migomba, aliitwa. Alikaa, akanywa chai, akasikiliza wote mpaka wakachoka, halafu akasema, "Tungoje mvua zipite." Mvua zilipopita, hasira nazo zilikuwa zimepita, na watu wakagawana ndizi. Watu waliita hiyo hekima. Mara nyingi ilikuwa hekima kweli.

Dada yake Nasra aliishi jirani, nyumba yake ikiwa juu kidogo, na alikuwa na binti mmoja tu, Shadya. Baba wa Shadya alikwenda kutafuta maisha, na maisha hayakumrudisha. Basi mtoto alikulia kwenye baiskeli ya mjomba wake. Siku za kliniki, siku za shule, siku za kununuliwa viatu, alipakiwa mbele, kwenye bomba la fremu, mikungu ikiwa nyuma. Mwanzoni alifumba macho. Mjomba wake akamwambia, "Usiangalie bonde. Angalia mkono wangu. Nikilala kwenye kona, na wewe lala." Baada ya muda hakuhitaji kuambiwa. Kona ikija, mtoto alilala nayo, na Mwinshehe akahisi mzigo umekuwa mwepesi. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini zile zilikuwa safari alizozipenda kuliko zote.

Shadya alikua, akasoma, akapata kazi Dakawa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kazi ya kupima magunia. Huko huko akakutana na Abeid, mkulima wa mpunga, kijana mpole mwenye matope mpaka kwenye masikio. Wazee wa Abeid wakaja kuposa. Mwinshehe akawapokea vizuri, akawalisha, akawaambia wangoje mpunga uvunwe. Mpunga ukavunwa, wakarudi. Akawaambia, Ramadhani imekaribia, si vizuri kuchanganya mambo. Idi ikapita, wakarudi. Akaanza kusema habari za mvua, na hapo mshenga wao, mzee mwenye adabu sana, akainamisha kichwa akatazama miguu yake. Watu wa kitongoji wakasifu: huyo ndiye mjomba, hamtoi mtoto kama anatoa mbuzi. Ni Mosi peke yake aliyemwangalia mumewe kwa jicho la pembeni na, ajabu, akanyamaza. Waliporudi tena baada ya mvua, visingizio vya Mwinshehe vilikuwa vimekwisha, akakubali.

Hapo ndipo mama mzazi wa Mwinshehe na Nasra, bibi yake Shadya, alipotoa sharti lake. Shadya hakuwahi kutolewa mwali. Umri wake ulipofika alikuwa shule ya bweni mjini, na mambo yakaahirishwa mpaka yakasahaulika. Bibi hakusahau. Alisema hawezi kumpeleka mjukuu kwa mume akiwa hajatolewa, kwamba huo ni uji usiochemka. Shadya, ambaye angeweza kukataa, alicheka akaomba likizo. Kungwi akampokea, akamnyang'anya simu, akamweka ndani kwa Nasra, na shughuli ya kumtoa ikapangwa iwe siku moja kabla ya ndoa.

Sasa sikiliza jambo lilipokuwa zito. Katika ukoo wao mwali hatoki kwa miguu. Hutolewa ndani akiwa amefunikwa khanga, akakalishwa mabegani mwa mjomba wake, na mjomba humshusha mpaka uwanjani penye ngoma. Zamani haikuwa kazi. Mwali alikuwa kasichana kembamba, na mjomba alikuwa na miguu yote miwili. Shadya alikuwa mtu mzima, mwenye mwili wa mama mwenye nyumba yake, na kazi ya magunia ya mpunga haikumpunguza. Na goti la kulia la Mwinshehe lilikuwa limekwisha. Baiskeli alishaitundika. Asubuhi alishuka kitandani kwa awamu, na kufika msikitini alitumia fimbo. Kutoka kwa Nasra mpaka uwanjani ni mteremko mtupu, wenye mawe.

Wanaukoo wakakutana bila kumwita, wakakubaliana Maneno ambebe. Maneno alikuwa mpwa wao vilevile, mtoto wa binamu, mwenye mgongo mpana. Wakamtuma yeye mwenyewe apeleke habari, kosa la kwanza.

"Shikamoo, Mzee Breki."

"Marahaba."

"Mzee, wamesema hiyo kazi ya kumbeba dada niifanye mimi. Wewe mguu wako ushastaafu. Wewe utatembea mbele na fimbo yako, unapunga mkono, freshi tu."

Mwinshehe aliendelea kumenya kipande chake cha muwa. "Maneno, wewe siku unaniletea unga ulinipitiliza hapa nyumbani ukaenda kusimama kwa jirani."

"Ile ilikuwa breki ya nyuma, mzee, nimeshabadilisha waya."

"Nenda kawaambie mjomba wa Shadya ni mimi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini Maneno alipoondoka, aliuacha muwa umemenywa nusu. Aliogopa. Aliogopa kumwangusha mbele ya wageni wa Dakawa, aliogopa kuchekwa, na zaidi ya yote aliogopa kumwona mtu mwingine akiwa amembeba.

Kuanzia siku hiyo, kila alasiri, Mwinshehe alipotelea kwenye migomba. Mosi akadhani ameanza kuvuta sigara. Akamfuata kimyakimya, akamkuta mumewe amejitwika gunia la kabichi mabegani, ameng'ang'ania mgomba, jasho linamtoka, anahesabu pumzi.

"Ehe! Baba watoto, siku hizi umeoa kabichi?"

"Nyamaza, mke wangu, nitaanguka."

"Na kweli utaanguka. Utavunjika kiuno, halafu nani atakuogesha? Mimi. Na wewe ukiugua unavyodeka, unataka uji wa ulezi, hutaki wa mahindi, mara hauna ndimu, mara una ndimu nyingi..." Alisema mpaka kuku wakaondoka. Kisha akalishika lile gunia kwa mikono miwili, akalitua taratibu, akakaa juu yake. Sauti ilipungua. "Mwali ameleta maneno. Nimepeleka chakula leo, ameninong'oneza. Amesema, kama si mjomba Mwinshehe, atatoka kwa miguu yake mwenyewe, na bibi azimie akitaka."

Mwinshehe alikaa chini kwenye majani makavu ya migomba. Alifurahi mpaka akashindwa kuificha, akajifuta uso kwa kofia.

"Kwa hiyo simama," Mosi akasema. "Huwezi kujifunza kwa kukumbatia mgomba. Kule ni kushuka. Twende kwenye mteremko, na gunia nipe nipunguze kabichi moja nikapike."

Siku yenyewe ilikucha na ukungu, kisha jua likatoka. Wageni wa Dakawa walishafika, wamekaa kwenye viti vya kukodi uwanjani karibu na barabara, mshenga wao akiwa mbele na kanzu safi. Ngoma zilikuwa zimeshaota moto. Juu, mlangoni kwa Nasra, Mwinshehe alivaa katambuga mpya. Alikuwa ameagiza kwa fundi mguu wa kulia peke yake, na fundi, aliyemjua, hakuuliza. Wa kushoto alichukua kwenye rundo.

Alichuchumaa. Wanawake wakamleta mwali akiwa amefunikwa khanga mpya kichwa kizima, mikono na miguu imepakwa mafuta inang'aa, wakampandisha mabegani. Mwinshehe akasikia uzito wote ukitua. Ulipita kabichi, ulipita ndizi. Akashika vifundo vya miguu ya Shadya, akasema Bismillahi, akasimama. Goti lilifikiria, likakubali. Vigelegele vikapigwa. Maneno akajiweka nyuma yao, mikono ameikinga, mithili ya mtu anayengoja papai lianguke.

Pale mlangoni ni tambarare, na hatua za mwanzo alizimudu. Kisha njia ikainama. Na njia ilipoinama tu, mguu wa kulia wa Mwinshehe haukumwuliza mwenyewe. Ulinyooka nje, kisigino kikagusa ardhi, kikaburuza. Kwaruuu.

Watu wakashtuka. Nasra akaziba mdomo. Maneno akaruka mbele, "Mzee, mzee, mlete huku!" Uwanjani wageni wakasimama kwenye viti vyao wakidhani bwana mkubwa anaanguka. Lakini hakuanguka. Mguu wa kushoto ulipiga hatua, wa kulia ukaburuza. Wa kushoto ukapiga, wa kulia ukaburuza. Mwinshehe mwenyewe aliona aibu kali ikimpanda masikioni. Kwa siku zote hizi Mosi alimfundisha kutembea kwa adabu, kisigino na vidole, na sasa mbele ya watu wote anamshusha mwali kana kwamba anashusha ndizi. Alijaribu kuurudisha mguu ndani. Mguu ukakataa.

Njia ikafika kwenye kona, pale penye jiwe kubwa ambalo wote wanalijua. Mwinshehe akalala kidogo kushoto, kwa mazoea. Na juu yake, gizani ndani ya khanga, bila kuona chochote, Shadya akalala naye. Mzigo ukawa mwepesi. Ukawa mwepesi kabisa, vilevile kama zamani, na Mwinshehe akacheka kwa sauti.

Mpigaji wa ngoma kubwa, aliyekuwa akiwatazama kutoka bondeni, alikuwa mzee wa makamo yake. Alishaisikia ile sauti miaka mingi akiwa shambani kwa mama yake. Alinyamazisha mkono mmoja, akasikiliza, akaingia: pigo moja la mguu wa kushoto, na mvuto mrefu wa kiganja juu ya ngozi kwa mguu wa kulia. Wapigaji wengine wakamfuata. Wanawake waliokuwa wakisindikiza wakaanza kuburuza visigino, kwanza kwa utani, halafu kwa raha, vumbi likapanda, na msururu mzima ukawa unashuka hivyo, hatua na mburuzo, hatua na mburuzo. Mosi alikuwa mbele yao, hana breki ya mdomo wala ya kiuno, akiimba jambo alilolitunga hapo hapo kuhusu mwanamume aliyeoa kabichi. Mshenga wa Dakawa naye, na kanzu yake, akaonekana anajaribu kisigino.

Wakafika uwanjani. Hapo mjomba huzunguka uwanja, kisha humkalisha mwali kwenye mkeka, kungwi akamfunua, watu wakatuza. Mwinshehe akazunguka. Akaufikia mkeka, akaupita, akazunguka tena. Kungwi akamwonyesha mkeka kwa mkono. Akaitikia kwa kichwa, akaupita tena. Ngoma zikaendelea, watu wakidhani ni mbwembwe. Goti lilikuwa linawaka moto. Maneno alikuwa amesogea mpaka anamkanyaga.

Shadya akainama. Mwali hapaswi kusema, lakini khanga ilifunika midomo yake na sikio la mjomba wake pamoja.

"Mjomba. Tumefika."

"Najua."

"Basi nitue."

Mwinshehe akasimama. Akaangalia mguu wake. Ardhi ya pale ni tambarare, imefagiliwa, haina hata mwinamo wa kumwaga maji, lakini kisigino cha kulia kilikuwa bado kimekandamiza chini kwa nguvu zote, kimechimba mfereji uliozunguka uwanja mzima.

"Shadya," alisema, na kwa sababu ya ngoma hakuna mwingine aliyesikia. "Wale wageni, nilipokuwa nawarudisha. Watu walisema ni hekima. Haikuwa hekima. Nilikuwa sitaki uende."

Halafu alihisi mikono miwili ikimshika kichwa, kofia na yote.

"Nilijua, mjomba. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wasichoke kurudi. Niliwaambia mjomba wangu lazima ashuke polepole, lakini hajawahi kuacha mzigo njiani."

Mwinshehe akavuta pumzi. Akauinua mguu wa kulia, akaurudisha ndani, ukasimama sambamba na mwenzake. Akakunja magoti, yote mawili, taratibu sana, namna alivyokuwa akishusha mikungu iliyoanza kuiva ili isichubuke, na Maneno akashika upande mmoja bila kuambiwa, na mwali akakaa kwenye mkeka. Vigelegele vilipasuka mpaka kwenye mashamba ya juu. Kungwi akamfunua. Shadya alikuwa ametazama chini kama inavyotakiwa, mashavu yamelowa, na kona moja ya mdomo inacheka.

Kazi ya mjomba huishia hapo. Anatakiwa aende akakae na wanaume, aletewe soda. Mwinshehe hakwenda. Alivua katambuga ya kulia, ambayo ilikuwa imelika kisiginoni kwa safari ile moja, akaiweka pembeni, akakaa ukingoni mwa mkeka karibu na mpwa wake. Haikuwa desturi. Kungwi alimtazama, kisha akamtazama Bibi. Bibi akageuza uso akatazama ngoma, na hakuna aliyemwondoa.